Mchanga wa Pugu, Mafuriko ya Jangwani

Kila masika yakikolea, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam hufungwa pale kwenye daraja la Jangwani, mabasi ya mwendokasi yakasitisha safari, na lawama zikaangukia takataka zilizoziba mitaro. Takataka zinachangia kweli. Lakini shina la tatizo liko mbali na daraja, nalo ni mchanga.

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, na kuteremka takriban kilomita 35 hadi baharini kwenye Daraja la Salenda. Udongo wa huko juu ni wa kichanga. Ukiwa na miti na majani, hunywa mvua nyingi na kutulia. Lakini Dar es Salaam ilitoka watu milioni 4.36 katika sensa ya 2012 hadi milioni 5.38 mwaka 2022, na wengi hujenga pembezoni. Kiwanja kikishafyekwa, maji ya mabati hushukia kwenye njia isiyo na mtaro, yakaichimba korongo na kuusomba mchanga hadi mtoni.

Jangwani bonde ni tambarare. Maji hupunguza mwendo na kuutua mzigo wake. Bahari ikijaa, hasa siku za bamvua, hukosa hata pa kutokea. Hivyo kina cha mto hupungua na nafasi chini ya daraja hubanwa. Makatapila huuzoa mchanga, masika yanayofuata huleta mwingine.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Uhamisho huo uliwaondoa watu kwenye hatari, haukupunguza maji wala mchanga.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha daraja jipya refu. Linahitajika sana. Hata hivyo, daraja huokoa barabara; mkazi wa Kigogo, kando ya Msimbazi, hubaki na mto ule ule.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni. Zilindwe huko juu pia: njia za maji zipimwe kabla ya viwanja kuuzwa, kingo zipandwe, uchimbaji mchanga udhibitiwe. Kuitenga njia ya maji kwenye ramani ni kazi ya mpima ardhi. Kuitafuta baada ya nyumba kusimama ni fidia, kesi na machozi.