Mbele ya kununua unga wa nyuzinyuzi, hesabu maharagi yako



Mu mikutano yetu ulizo moja linarudia: ule unga wa nyuzinyuzi wa ku farmasi unateremsha kweli kolesteroli? Ndiyo, lakini kidogo. Na mbele ya kutoa pesa, angalieni kwanza gunia la maharagi lenye liko nyumbani.

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mimea yenye tumbo haiwezi kusaga. Zile ngumu, kama ganda la mahindi, zinasaidia kwenda choo. Zile zinazoyeyuka zinageuka sawa uji mzito mu matumbo, zinashika nyongo na kutoka nayo. Maini yanalazimika kutengeneza nyongo ingine, na yanachukua kolesteroli mu damu juu ya ile kazi. Njo vile kolesteroli mbaya inashuka.

Unga unaojulikana zaidi ni ispagula, maganda ya mbegu ya mmea unaolimwa sana India. Gramu 10 hivi kwa siku zinaweza kupunguza kolesteroli mbaya kati ya 5 na 10 kwa mia. Unakunywa na maji mengi. Yakikosekana, unaweza kukwama mu koo.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linaomba mtu mzima ale gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, ao zaidi. Gramu 200 za maharagi yaliyoiva zinatoa karibu nusu, na sehemu yake inayeyuka. Tena yanaleta protini, yenye ule unga hauna.

Basi tufanye nini?

1. Musiuzishe mavuno yote. Jamaa ya watu sita inahitaji nusu kilo ya maharagi makavu kwa siku, maana yake kilo 15 kwa mwezi. Muweke yenu pembeni mbele wanunuzi hawajafika, pamoja na mbegu.

2. Mupunguze mawese mu chungu. Hayana kolesteroli, lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoipandisha mu damu.

3. Kama haukuzoea maharagi, anza na kidogo, uongeze polepole, juu tumbo isivimbe.

4. Mwenye munganga alimupatia dawa asiiache. Maharagi inasaidia dawa, haichukue nafasi yake.

Ku mkutano unaokuja, kila mtu alete hesabu ya kilo zenye atabakisha nyumbani. Tutaziandika mbele ya kupanga bei ya kuuzisha.