Mtoto Akienda Kusoma Ng'ambo: Tutayarishe na Afya Yake

Mtoto wa kijijini akipata nafasi ya kusoma chuo cha nchi za nje, furaha huwa kubwa. Baba huuza ng'ombe, mama hutoa akiba yake, majirani huchanga. Fedha hutafutwa za nauli, pasipoti, viatu na sanduku. Hayo yote ni mema. Lakini je, nani anauliza habari za mwili wa msafiri? Mgonjwa hasomi. Tena kuugua ugenini ni gharama, na mama hayupo wa kumkorogea uji.

Leo tunaeleza mambo ya afya yanayofaa kufanywa kabla ya safari. Kazi hii ianze mapema, angalau miezi 3 kabla ya siku ya kuondoka.

Itafuteni kadi ya kliniki

Kadi ya chanjo aliyopewa mama wakati mtoto ni mchanga ni mali. Msiitupe. Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi aonyeshe kwa maandishi kwamba amechanjwa mara 2 kujikinga na surua, matumbwitumbwi na rubela. Hapa Tanzania chanjo ya rubela ilianza kutolewa pamoja na ya surua mwaka 2014. Chanjo ya matumbwitumbwi haimo katika chanjo za kawaida za watoto wetu. Basi kijana anayekwenda huko huenda akahitaji sindano zaidi. Kati ya sindano ya kwanza na ya pili lazima zipite siku 28 au zaidi. Mkianza wiki ya mwisho, mmechelewa.

Ipo pia chanjo ya homa ya manjano. Baadhi ya nchi humdai msafiri kadi yake. Kadi hiyo huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa. Zamani ilidumu miaka 10, lakini tangu Julai 2016 ni ya maisha. Ulizeni ubalozi wa nchi anayokwenda kama kadi hiyo inatakiwa.

Msifiche ugonjwa

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mtoto ana selimundu, pumu, kifafa, kisukari, au anatumia dawa za VVU. Wazee wanasema, "Nyamaza, wakijua utanyimwa nafasi." Mtoto ananyamaza. Anafika kwenye baridi kali, peke yake, na siku akianguka hakuna anayejua ana nini.

Tuchukue mfano wa selimundu. Baridi, uchovu na kukosa maji ya kutosha huweza kuamsha maumivu makali. Daktari wa huko akiwa na barua inayoeleza ugonjwa huo, atajua mara moja aanzie wapi. Asipokuwa nayo, ataanza kubahatisha, na muda unapotea.

Kuna na vipimo vya lazima. Uingereza humtaka mwanafunzi kutoka Tanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 apimwe kwanza kifua kikuu kwa kupigwa picha ya kifua. Akikutwa nacho, si mwisho wa dunia. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6 na kikapona, na dawa zake hapa nchini hutolewa bure. Safari itachelewa, lakini mtoto atakuwa mzima. Afadhali kuchelewa.

Wakati huo huo atazamwe meno na macho. Jino bovu liling'olewe au lizibwe hapa. Huko ng'ambo matibabu ya meno ni ghali, na mara nyingi bima ya mwanafunzi hailipi.

Dawa ziwe na maandishi

Anayetumia dawa kila siku achukue za kumtosha mpaka aonane na daktari wa huko. Ziwe ndani ya paketi au chupa zake za dukani. Awe na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa na kipimo chake, maana majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Dawa asiziweke kwenye sanduku kubwa. Sanduku huweza kupotea. Azibebe mkononi.

Falme za Kiarabu, ambako wasafiri wetu wengi hubadilisha ndege, zina sheria kali juu ya baadhi ya dawa za maumivu, kama tramadoli na kodeini. Anayezihitaji aulize habari za kibali mapema. Na unga wa miti shamba uliofungwa kwenye karatasi tu, uacheni nyumbani. Askari wa uwanja wa ndege hawezi kujua kama ni dawa ya tumbo au ni dawa ya kulevya.

Bima na homa

Msidhani kadi ya bima ya hapa kwetu itapokelewa huko. Ulizeni chuo bima ipi inatakiwa na nani atalipa. Uingereza, kwa mfano, humtoza mwanafunzi ada ya afya anapoomba viza. Mwaka 2024 ada hiyo ilipandishwa ikafika pauni 776 kwa mwaka. Fedha hizo zihesabiwe pamoja na nauli.

Mwisho, malaria. Kijana anaweza kuondoka na vijidudu damuni bila kujua. Akishikwa na homa wiki chache baada ya kufika, aende hospitali siku hiyo hiyo, aseme wazi: "Nimetoka nchi yenye malaria, nipimeni." Daktari wa nchi za baridi anaweza kudhani ni mafua tu. Na akirudi likizo baada ya miaka, asijivune. Ule uzoefu wa mwili na malaria hupungua mtu akikaa mbali. Alale ndani ya chandarua.

Ndugu wasomaji, wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi kabla ya kununua sanduku, mpelekeni mtoto hospitali.

Maswali ya kujadili

1. Kadi za kliniki za watoto wako ziko wapi?
2. Kwa nini baadhi yetu huficha ugonjwa wa mtoto anayesafiri?
3. Mtoto akishikwa na homa huko ng'ambo, amwambie nini daktari?