Kifo cha ghafla nyumbani: Kabla hujamwita muosha maiti

Fikiria umeamshwa alfajiri na kelele za jirani. Kijana wa nyumba ya pili amekutwa uani, hapumui, ana damu kidogo kisogoni. Wapo wanaosema alirudi usiku amelewa, akaanguka. Wapo wanaonong'ona kwamba jioni alikuwa na ugomvi na mtu. Jua likipanda, turubai limeshafungwa, maji ya kuoshea yako jikoni, shuka lenye damu limelowekwa kwenye beseni, na mama mmoja mwenye nia njema ameshafagia uani kwa sababu wageni wanakuja.

Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Ndivyo tulivyolelewa: marehemu hasubirishwi. Lakini kama kijana yule alipigwa, basi katika saa mbili hizo sehemu kubwa ya ushahidi imekwenda na maji.

Safu hii imezoea kuzungumzia homa, lishe na chanjo. Leo tunazungumzia maiti, kwa sababu uchunguzi wa maiti nao ni kazi ya daktari, na huyu ni mgonjwa asiyeweza kusema wapi panauma. Anasemewa na alama zilizobaki mwilini, kwenye nguo na pale alipolala. Wewe ndugu, jirani au mzazi ndiye wa kwanza kufika, kabla ya polisi na kabla ya daktari.

Neno moja lililobadilishwa

Ili uone uzito wa jambo hili, nakupeleka kwanza kwa jirani zetu Kenya, ndani ya hifadhi ya Maasai Mara, karibu kabisa na mpaka wetu wa Serengeti. Septemba 1988 binti wa Kiingereza, Julie Ward, mwenye umri wa miaka 28, alikwenda huko kupiga picha za wanyama. Gari lake liliharibika njiani. Mara ya mwisho alionekana Septemba 6. Baba yake, John Ward, alisafiri kutoka Uingereza na kukodi ndege ndogo kumtafuta. Septemba 13 yalipatikana mabaki: kipande cha mguu na kipande cha taya, karibu na majivu ya moto.

Maelezo ya awali ya maofisa yalikuwa kwamba ameliwa na wanyama. Hata radi ilitajwa. Daktari wa serikali aliyeyapima mabaki hayo kwanza aliandika kwamba mfupa ulikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ilipotoka, maneno yalikuwa yamebadilishwa na mkubwa wake, ikasomeka kana kwamba mwili uliraruliwa. Baba hakukubali. Alipeleka mabaki yakapimwa tena Uingereza, na jibu likarudi lilelile la daktari wa kwanza: huu ni mkato wa chombo chenye makali, mfano wa panga.

Unaweza kujiuliza daktari anajuaje. Panga likipita kwenye mfupa huacha uso laini na ukingo ulionyooka. Meno ya fisi au simba huacha vishimo, mikwaruzo, na ncha za mfupa zilizosagwa. Moto nao una alama zake: hukausha mfupa na kuupasua nyufa nyufa, na mtu asiye na uzoefu anaweza kudhani nyufa hizo ni majeraha ya kipigo. Kwa hiyo mtaalamu haangalii alama moja. Anachukua kila maelezo yaliyotolewa na kuuliza kama yanabeba alama zote kwa pamoja. Simba anaweza kumla mtu, lakini hawezi kukoka moto. Radi inaweza kuua na kuunguza, lakini haikati mfupa kama panga. Maelezo yanayobeba mkato na moto kwa pamoja ni kwamba kuna mikono ya binadamu hapo. Uchunguzi wa kimahakama uliofanyika Nairobi mwaka 1989 ulikubali kwamba binti huyo aliuawa, na mwaka 2004 mahakama ya uchunguzi wa vifo huko Ipswich, Uingereza, nayo ikasema hivyohivyo.

Sasa angalia hapa, maana wengi wetu tunachanganya. Kujua kwamba mtu ameuawa si kujua ameuawa na nani. Mkato ulisema "panga". Haukusema panga la nani. Walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa na kuachiwa huru mwaka 1992. Mtu wa tatu akashtakiwa, naye akaachiwa huru mwaka 1999. John Ward aliendelea kuitafuta haki ya mwanawe hadi alipofariki mwaka 2023, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Siku zile za mwanzo, wakati majivu bado ni mapya na nyayo bado ziko ardhini, hazikurudi tena.

Vinasaba si mwisho wa maneno

Kijiweni utasikia mtu akisema, "Wapime DNA, kila kitu kitajulikana." Kipimo cha vinasaba ni kikubwa kweli. Kilianzia kwenye maabara ya Alec Jeffreys, Chuo Kikuu cha Leicester, mwaka 1984, na ni vizuri ujue kazi yake ya kwanza kubwa katika kesi ya mauaji. Kijana mmoja wa Kiingereza alikuwa ameshakiri kumuua msichana. Vinasaba vilionyesha si yeye, akaachiwa huru, na baadaye aliyehusika kweli akapatikana na kufungwa mwaka 1988. Polisi walikuwa na maungamo mkononi, na maungamo yalikuwa si ya kweli.

Pamoja na hayo, vinasaba hujibu swali moja tu: hii damu, haya mate au huu unywele ni wa nani. Havisemi vilifika lini wala kwa nini. Kama mtuhumiwa ni shemeji anayekula nyumbani kwenu kila siku, mate yake kwenye kikombe si ajabu. Na kama watu kumi wamelishika panga lile kabla polisi hawajafika, kila mmoja akitaka kuonyesha "ndilo hili", basi maabara itapata mchanganyiko wa watu kumi.

Hapa nchini sampuli hizi hupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Huwezi kufunga kitambaa chenye damu ukapanda nacho gari kwenda maabara kwa hiari yako. Hupelekwa kwa maombi ya mamlaka inayotambuliwa, polisi au mahakama kwa mfano. Na kila anayekipokea lazima aandike: nimekipokea kwa nani, saa ngapi, nimekihifadhi wapi, nimemkabidhi nani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisisitiza jambo hilo katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007. Mnyororo huo wa maandishi ukikatika, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu: mnajuaje kwamba hiki ndicho kile?

Ukiwa Marui

Sasa turudi nyumbani. Kama unaishi Marui, kule ndani Kisarawe, hospitali ya wilaya iko mbali nawe, na ile ya rufaa ya mkoa, Tumbi, iko Kibaha. Masika barabara ya vumbi inakuwa tope. Ndiyo maana kishawishi cha kumaliza mambo kijijini ni kikubwa: gari la kukodi ni pesa, mochwari ni pesa, na wazee wanataka maziko kabla ya alasiri. Naelewa. Lakini kifo kikiwa na jeraha lisiloelezeka, mtu mzima wa afya akikutwa amekufa, mtoto akifa ghafla bila kuugua, au mkihisi sumu, toa taarifa kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, naye awaite polisi. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ipo kwa ajili ya vifo vya namna hiyo.

Hakikisha kwanza kwamba amekufa kweli. Kama anapumua hata kidogo, sahau ushahidi, mpeleke hospitali. Uhai unatangulia kila kitu.

Akiwa ameshafariki, mwache alivyo. Usimvue nguo, usimfunge taya, usimnyooshe mikono, usimfute damu. Mfunike kwa shuka safi kama hamwezi kuvumilia, na mtu mzima mmoja abaki pale kuzuia watoto na mbwa. Msifagie. Chombo chochote kilicho karibu, awe mchi, jembe au chupa, kiacheni chini. Kama mvua inanyesha na ni lazima msogeze kitu, pigeni picha kwa simu kwanza kutoka pande zote, kisha muandike nani alisogeza na saa ngapi.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Daktari hukadiria muda wa kifo kwa joto la mwili, ukakamavu wa viungo, na damu inavyotuama upande uliolaliwa. Ukakamavu huanza kuonekana tayani na shingoni baada ya saa mbili hadi nne, huenea mwili mzima kufikia kama saa kumi na mbili, kisha huanza kulegea. Joto huharakisha mambo haya yote. Pwani yetu hii, mchana wa Februari, mwili unaweza usipoe kama vitabu vya Ulaya vinavyoeleza, kwa sababu hewa yenyewe ni ya moto. Kwa hiyo sentensi yako ya kawaida, "nilimgusa shingo saa kumi na moja alfajiri, ilikuwa bado laini," inaweza kumsaidia daktari kuliko kipimajoto. Iandike siku hiyohiyo. Wiki moja baadaye utakuwa umeshasikia maneno ya watu, na kumbukumbu itakuwa imechanganyika.

Damu iliyotuama nayo huwaponza wengi. Maeneo ya mgongo huwa na rangi ya zambarau, mtu akaona na kupiga kelele, "Amepigwa huyu!" Mara nyingi ni damu tu iliyoshuka chini baada ya moyo kusimama. Kuna jirani ambaye hakufanya kitu akachomewa nyumba kwa alama kama hizo. Daktari hutofautisha kwa kupasua: kwenye kipigo damu imevilia ndani ya nyama.

Sumu ina utaratibu wake. Hifadhi mabaki ya chakula, matapishi na chombo cha dawa ya shambani kama kipo, kila kimoja peke yake, kwenye chombo safi chenye mfuniko, mbali na watoto. Usimwage kwa kuona kinyaa.

Kuhusu dini, uchunguzi wa maiti hauondoi haki ya marehemu ya kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa au kuombewa, na kuzikwa kwa heshima. Daktari hushona mwili kabla ya kuukabidhi. Zungumza na sheikh au padri wako mapema, aende na familia hospitali kama anaweza, maana neno lake hutuliza watu kuliko la daktari. Ukizika kwanza na kushtuka baadaye, bado kaburi linaweza kufukuliwa kwa kibali cha mahakama, na mfupa uliovunjika utaonekana. Lakini michubuko, alama za kukabwa shingoni na sumu nyingi zitakuwa zimeoza pamoja na nyama. Na familia italia mara ya pili.

Mtoto aliyeumizwa

Wazazi, kanuni hizihizi zinawahusu hata pale ambapo hakuna aliyekufa. Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, moyo wa mama unamwambia amwogeshe. Usimwogeshe. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kuna dawa za kuzuia VVU zinazotakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, wa kaki unafaa, si wa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu na ushahidi huoza. PF3 ichukuliwe na ndugu mwingine kituoni wakati wewe uko na mtoto kwa daktari. Katika baadhi ya hospitali kuna vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hukaa mahali pamoja. Namba 116 ya kumsaidia mtoto hupigwa bure. Na usimhoji mtoto mara ishirini mbele ya kila shangazi. Sikiliza anachosema mara ya kwanza, kiandike kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni maneno ya kitoto.

Baada ya uchunguzi wa maiti, muulize daktari mambo matatu akiwa mbele yako: sababu ya kifo ni nini, ameona nini kinachomfanya aseme hivyo, na sampuli zipi zimechukuliwa na zinakwenda wapi. Andika jina lake, jina la askari aliyekuwapo na namba ya jalada la polisi. Akikujibu kwamba sababu haijajulikana hadi majibu ya maabara yarudi, usikasirike wala usidhani amehongwa. Daktari anayesema "bado sijui" ameacha mlango wazi. Omba tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo ikifika, rudi.