Mkufu Kutoka Kalenda Kuukuu

Kalenda ya mwaka jana msiitupe. Tunaikata vipande virefu vya pembetatu, kitako sentimita 2, tunavizungusha kwenye njiti ya ufagio kuanzia upande mpana, kisha tunabandika ncha kwa gundi. Shanga hizo zikishapakwa vanishi (nje, penye hewa!) na kukauka, tunazitunga pamoja na vifungo vya mashati yaliyochakaa na mabaki ya kitenge.

Hereni ndizo zinazotutia wasiwasi sisi wauguzi. Waya wa kuokota, wenye kutu, usipite sikioni. Tundu huvimba na kutoa usaha. Kulabu nunueni mpya, za chuma kisichoshika kutu. Na mtoto wa chini ya miaka 3 asivishwe shanga hizi: uzi ukikatika, moja huingia kooni kabla mama hajageuka.