Mbona Maziwa ya Ngamia Hayatoi Siagi?

Mama asukasukaye maziwa ya ng'ombe katika kibuyu hutazamia kuona siagi kabla mikono haijamchoka. Lakini akiyatia maziwa ya ngamia katika kibuyu kile kile, aweza kusukasuka muda mrefu asipate kitu. Hapo mtu huamua upesi kwamba maziwa ya ngamia hayana mafuta. Uamuzi huo ni wa makosa, nao waweza kumfanya mtu adharau chakula ambacho jamaa nyingi za kaskazini ya Kenya hukitegemea wakati wa ukame.

Tuanze na kiasi. Katika gramu 100 za maziwa ya ng'ombe mna mafuta gramu 3.5 hadi 5, kwa kutegemea aina ya ng'ombe na malisho yake. Maziwa ya mbuzi hukaribiana na hayo. Ya kondoo huwa na gramu 6 hadi 7, na ya punda hayafikii gramu 2. Maziwa ya ngamia huwa na gramu 3 hadi 4 hivi. Kwa hiyo mafuta yamo. Mbona basi hayatoki?

Sababu ya kwanza ni umbo lake. Mafuta ya maziwa huelea kama matone madogo mno, kila tone likiwa limefunikwa na utando. Matone ya maziwa ya ng'ombe yana wastani wa upana wa sehemu 4 za elfu ya milimita. Ya mbuzi na ya ngamia ni madogo zaidi. Tone lenye nusu ya upana wa jingine hupanda juu kwa robo tu ya mwendo wake. Tena, maziwa ya ng'ombe yana protini iyakusanyayo matone katika vishada, navyo hupanda upesi. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia yana upungufu wa protini hiyo.

Sababu ya pili ni aina ya mafuta yenyewe. Mafuta hujengwa kwa asidi zenye minyororo ya kaboni, mirefu na mifupi. Mnyororo mfupi huyeyuka kwa joto dogo. Mbuzi ana asidi nyingi zenye kaboni 6, 8 na 10. Majina yake, kaproiki, kapriliki na kapriki, yametokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbuzi. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alieleza baadhi ya asidi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1823. Ndizo ziyapazo maziwa na jibini ya mbuzi harufu yake kali.

Ngamia, kinyume chake, ana asidi fupi chache sana, na mafuta yake huhitaji joto kubwa zaidi ili yalainike. Katika viwanda, krimu ya ng'ombe husukwasukwa katika nyuzi 10 hadi 14 za Sentigredi. Krimu ya ngamia ikiwa na baridi hiyo, mafuta yake huwa magumu mno na matone hayashikamani. Ikitiwa joto la nyuzi 20 hadi 25, siagi hupatikana, nayo huwa nyeupe.

Wanafunzi waweza kuichunguza sehemu ya jambo hili darasani. Chukueni bilauri mbili nyembamba, moja yenye maziwa mabichi ya ng'ombe na nyingine ya mbuzi, yaliyokamuliwa siku hiyo. Zifunikeni, ziwekeni mahali pa baridi hadi asubuhi, kisha pimeni kwa rula unene wa tabaka la krimu katika kila moja. Maziwa hayo yasinywewe. Mtaona kwamba krimu ya ng'ombe imejitenga wazi kuliko ya mbuzi, ingawa huenda kiasi cha mafuta kikawa sawa.

Basi mwenye kuyapima maziwa kwa macho, au kwa siagi aipatayo, hajayapima mafuta. Kibuyu ni kipimo cha siagi tu.