Mpangaji, Mchukuzi na Bawabu: Kadi ya Michoro katika Mashine Pepe

Utangulizi

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili kinaweza kusimulia ndoa, siasa na kilimo, lakini kikifika matumboni mwa kompyuta hukwama na kuomba msaada wa Kiingereza. La kusikitisha ni kwamba dai hili husikika hata vinywani mwa wanafunzi wa Kiswahili wenyewe. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kulitazama suala moja gumu la kiufundi, yaani namna mashine pepe inavyopewa kadi ya michoro iwe yake peke yake. Mifano imetolewa katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, kwa kuwa maisha ya ploti za huko yana msamiati wa kutosha kulieleza suala hili. Hoja kuu ni kwamba mara nyingi kinachopungua si istilahi, bali ni maelezo yanayoitangulia istilahi.

Mashine pepe ni nini?

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina prosesa, kumbukumbu na diski, lakini vyote hivyo ni mgao tu wa vile vilivyomo katika kompyuta iliyoibeba. Mfumo endeshi uliosakinishwa ndani yake hufanya kazi kana kwamba umemiliki kompyuta nzima. Wazo hili si geni. Mnamo mwaka wa 1972, kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, ambao uliiwezesha kompyuta moja kubwa kuonekana kwa kila mtumiaji kama kompyuta yake binafsi.

Miaka miwili baadaye, yaani 1974, wataalamu Gerald Popek na Robert Goldberg waliweka masharti matatu ya msimamizi wa mashine pepe. Kwanza, programu iendeshwe ndani ya mashine pepe jinsi ambavyo ingeendeshwa katika mashine halisi. Pili, kazi nyingi zifanywe na prosesa yenyewe moja kwa moja ili kasi isipotee. Tatu, msimamizi abaki na udhibiti kamili wa rasilimali zote. Kwa ufupi, masharti hayo ni ufanani, ufanisi na udhibiti. Ugumu wote wa kadi ya michoro umo katika mvutano kati ya hayo mawili ya mwisho.

Ploti kama kielelezo

Mtaa wa Dandora ulianza katika miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo viwanja takriban 6,000 viligawiwa wananchi vikiwa na maji na mfereji wa majitaka. Wengi wa waliopata viwanja walijenga vyumba vya ziada na kuvipangisha. Umoja nayo, iliyoanza kwa nyumba za chini, leo imejaa majumba ya ghorofa ya kupangisha. Kwa hiyo mkazi wa Eastlands hahitaji kufundishwa maana ya mwenye nyumba, msimamizi wa ploti na mpangaji.

Kompyuta halisi ni ploti. Vyumba vyake ni kumbukumbu. Mashine pepe ni mpangaji aliyekodi vyumba kadhaa. Programu inayogawa vyumba na kushika funguo ndiyo msimamizi. Katika Linux, kazi hiyo hufanywa na KVM, iliyoingizwa katika kiini cha mfumo huo mwaka wa 2007. Mpangaji aliyepewa vyumba namba 14, 15 na 16 huviita vyake 1, 2 na 3. Hajui, wala hahitaji kujua, kwamba katika daftari la msimamizi vina namba nyingine.

Mchukuzi na msimamizi

Katika ploti hiyo yupo mchukuzi wa maji mwenye mkokoteni. Ana nguvu nyingi na hufanya kazi kwa haraka. Huyo ndiye kadi ya michoro: kifaa chenye prosesa yake na kumbukumbu yake, kinachochora maelfu ya vitone kwa wakati mmoja, kazi ambayo prosesa kuu ingeifanya kwa kujikokota.

Kwa kawaida mpangaji haruhusiwi kuzungumza na mchukuzi. Akitaka maji humwambia msimamizi, naye msimamizi humwigizia: huchukua ndoo, huenda mwenyewe, na kurudi na kiasi alichoweza kubeba. Hivi ndivyo mashine pepe nyingi zinavyopata picha kwenye kiwambo. Zinaonyeshwa kadi ya kuigiza, ambayo yatosha kwa kuandika barua na kusoma tovuti. Udhibiti umehifadhiwa, ila ufanisi umepotea.

Athari yake huonekana pale kazi inapokuwa nzito. Mfano mmoja ni studio ndogo ya kuhariri video za arusi huko Buruburu au Kayole, yenye kompyuta moja ya nguvu inayotumia Linux, ilhali programu ya kuhariri inataka Windows. Kununua kompyuta ya pili ni gharama kubwa. Kusakinisha mifumo miwili na kuchagua mmoja kila kompyuta inapowashwa kunalazimu kazi moja isimame ili nyingine ianze. Mashine pepe ingekuwa suluhisho, lakini video haihaririki kwa kadi ya kuigiza. Hapo ndipo huzuka haja ya kumtoa mchukuzi halisi mikononi mwa msimamizi na kumkabidhi kwa mpangaji mmoja.

Hatari, na kazi ya bawabu

Swali la kawaida ni hili: ikiwa jambo lenyewe ni kumkabidhi tu, kwa nini halikufanywa tangu mwanzo? Jibu limo katika tabia ya mchukuzi. Kadi ya michoro haisubiri prosesa kuu iipelekee data. Huingia yenyewe katika kumbukumbu, husoma na kuandika. Ni mchukuzi anayeingia vyumbani bila kubisha hodi.

Mpangaji akimwambia, "Mimina maji chumba namba 1," yeye anakusudia chumba chake cha kwanza, ambacho kwa hakika ni namba 14. Mchukuzi asiyejua hesabu hiyo ataenda kwenye chumba namba 1 cha ploti, ambacho huenda ni cha jirani au ni afisi ya msimamizi mwenyewe, na kuyamwaga maji juu ya kitanda cha mtu. Katika kompyuta, hilo lina maana ya kuharibu kumbukumbu ya mfumo mzima. Isitoshe, mpangaji mwenye nia mbaya angeweza kumtuma mchukuzi kusoma siri za vyumba vya wengine. Ufanisi umepatikana, lakini udhibiti umetoweka.

Suluhisho lilikuwa kuweka bawabu kati ya mchukuzi na vyumba. Bawabu huyu ni sehemu ya maunzi. Intel humwita VT-d na AMD humwita AMD-Vi. Ana orodha aliyoandikiwa na msimamizi. Mchukuzi wa mpangaji huyu akisema "namba 1", bawabu humpeleka namba 14. Akitaja chumba kisichomo katika orodha, hufungiwa mlango. Msimamizi hahitaji tena kubeba ndoo, lakini orodha bado ni yake. Kwa njia hiyo masharti ya mwaka wa 1974 hukutana tena: ufanisi upo, na udhibiti upo.

Masharti ya makabidhiano

Kielelezo hiki hueleza pia masharti ambayo humsumbua anayejaribu jambo hili kwa mara ya kwanza.

Kwanza, bawabu lazima awe zamuni. Katika kompyuta nyingi huduma hiyo huwashwa katika mipangilio ya awali ya maunzi, na pengine kiini cha Linux huamriwa kuitumia.

Pili, msimamizi lazima amwachilie mchukuzi. Kadi haiwezi kutumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja. Katika Linux, kadi huwekwa chini ya VFIO, utaratibu ulioingizwa katika kiini mwaka wa 2012, ambao huishika kwa niaba ya mpangaji. Kwa hiyo kompyuta yenyewe huhitaji njia nyingine ya kuonyesha picha, aghalabu kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa.

Tatu, wachukuzi wanaopita lango moja hukabidhiwa pamoja. Bawabu asipoweza kuwatofautisha, hawezi kumpa mmoja orodha hii na mwingine orodha ile. Ndiyo maana vifaa hupangwa kwa makundi, na kadi ya michoro huenda sambamba na kifaa chake cha sauti.

Nne, vyumba vya mpangaji huyo haviwezi kuhamishwa. Kwa kuwa mchukuzi huingia wakati wowote, kumbukumbu yote ya mashine pepe hufungwa mahali pake. Kompyuta yenye kumbukumbu finyu itaona dhiki hiyo mara moja.

Tano, huwapo vizuizi visivyo vya kiufundi. Kwa miaka mingi programu za NVIDIA za kadi za GeForce zilikataa kufanya kazi zikigundua kuwa zimo ndani ya mashine pepe, na mtumiaji aliona tu kosa namba 43. Mwaka wa 2021 kampuni hiyo ililegeza msimamo na kuruhusu matumizi hayo.

Istilahi zinazozaliwa na maelezo

Maelezo yakishakamilika, uteuzi wa istilahi huwa mwepesi. Neno "pepe" lina kasoro yake: katika "barua pepe" humaanisha cha kielektroniki, na katika "uhalisia pepe" humaanisha kitu kinachotenda kama halisi bila kuwa na umbo lake. Wengine wangependelea "mashine dhahania", lakini dhahania ni kile kilichomo akilini tu, ilhali mashine hii hufanya kazi halisi, kama vile nyumba ya mpangaji ilivyo nyumba halisi ingawa ploti si yake. "Mashine pepe" basi lina nafuu.

Kadhalika, tafsiri ya neno kwa neno ya istilahi ya Kiingereza inayotumika kwa tendo hili ingetoa "upitishaji". Neno hilo lapotosha, kwani kadi haipitishwi popote. Msimamizi ndiye anayejiondoa njiani. Kitenzi kinachofaa ni "kukabidhi". Nomino "ukabidhi" haifai, kwa sababu tayari ina maana ya uwekevu katika matumizi ya mali. "Makabidhiano" inafaa zaidi, hasa kwa vile mashine pepe ikizimwa kadi huweza kurudishwa kwa mwenyewe.

Historia inaunga mkono njia hii. "Kipakatalishi" linaeleweka kwa sababu limejengwa juu ya kupakata, tendo ambalo kila mlezi analijua. Aidha, mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, kutafsiri maneno ya menyu ni jambo moja, na kueleza kinachotendeka nyuma ya menyu ni jambo jingine.

Hitimisho

Abdulaziz na Osinde (1997) walionyesha kuwa vijana wa Eastlands waliiunda Sheng tangu miaka ya 1970 kwa kuchota katika lugha zilizowazunguka. Leo vijana wa mitaa hiyo hiyo hukarabati kompyuta na kuhariri video, na yale wasiyoelezwa kwa Kiswahili huyataja kwa Sheng au kwa Kiingereza. Hawawezi kulaumiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayekuwa mwalimu au mfasiri anadaiwa kazi mbili kwa utaratibu wake: kwanza aelewe jambo, kisha alitafutie jina. Akianza na jina, atapata orodha ya maneno yasiyo na wasemaji. Akianza na jambo, atakuta kwamba mpangaji, mchukuzi na bawabu wamekuwa wakimsubiri langoni.