Kitu Asichokiweka Bondi

Mwombe mwanafunzi wa kidato cha nne akutajie sifa za mhusika yeyote wa riwaya aliyoisoma, hatahitaji kufikiri. Ni mvumilivu, ni mwenye bidii, ana mapenzi ya dhati, ni mzalendo. Ukimbana zaidi ataongeza "ni mwenye busara", kwa sababu busara haijawahi kumnyima mtu alama. Orodha hiyo ameikariri kutoka kwenye mwongozo, nao mwongozo uliinakili kutoka mwongozo mwingine, na humo njiani mhusika mwenyewe amepotea. Kimebaki kikapu cha vivumishi.

Vivumishi hivyo hunifuata mpaka mezani. Kazi yangu ni kusoma miswada, na waandishi wetu wengi walikuwa watahiniwa kabla hawajawa waandishi. Mhusika anaingia ukurasa wa kwanza akiwa mrefu wa wastani, maji ya kunde, mpole, mchapakazi, asiyependa makuu. Ukisikiliza vizuri, huo ni wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya kwenda makaburini, ambao humfanya kila aliyekufa kuwa mcheshi na mkarimu asiyebagua mtu. Ila waombolezaji walimjua marehemu, kwa hiyo yaliyorukwa wanajazia wenyewe kimoyomoyo. Msomaji wa riwaya hana pa kujazia.

Ninavyoona mimi, mhusika husimama juu ya kitu anachokithamini kupita vyote, na thamani hiyo haijulikani mpaka idaiwe bei. Mjini Dar es Salaam mtu akikwama huweka kitu bondi: simu, redio, mtungi wa gesi. Anayekopesha hana haja na tabia yako, hutazama umeleta nini. Mwandishi atazame upande wa pili, kile kilichobaki nyumbani. Ni kitu gani mtu huyu hakukileta, ingawa kingempatia hela kuliko vyote, na watoto wamelala na njaa? Akikijua hicho, vivumishi anaweza kuwaachia watungaji wa mitihani.

Bondi mashuhuri kuliko zote katika fasihi iliandikwa Venisi. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Kwa mwaka ule neno "mabepari" lilikuwa hukumu tosha, hata kabla pazia halijafunguliwa. Basi msomaji hakuwa na shaka Shylock, mkopeshaji wa tamthilia hiyo, anathamini nini. Pesa. Mwongozo utaandika "ni mroho" na kuhamia kwa mhusika mwingine.

Lakini mtazame mahakamani. Alikopesha dukati 3000, na sasa anapewa 6000 papo hapo. Mroho gani anakataa faida ya namna hiyo? Anang'ang'ania ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, bidhaa isiyo na mnunuzi katika soko lolote. Mtu aliyetemewa mate sokoni miaka na miaka amepata siku moja ambayo sheria ya wanaomtemea iko mkononi mwake, na siku hiyo haina bei. Kabla ya hapo kuna jambo dogo zaidi. Binti yake ametoroka na vito vya nyumba, na mojawapo ya vito hivyo, pete, akaibadilisha kwa nyani. Pete ile baba alipewa na Leah kabla hawajaoana. Habari yake haichukui hata nusu ukurasa, na Leah mwenyewe hatumwoni kamwe. Lakini ukishaisoma, huwezi tena kumrudisha mzee yule kikapuni. Hajawa mwema, hilo halikudaiwa. Amekuwa mtu.

Huyo angalau anajua anachokitaka. Wengi wetu tunachokithamini tumekipa jina la kitu kingine, na hapo mwandishi hupata shamba lenye rutuba. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Bwana Maksuudi anawafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna kwa jina la heshima ya nyumba. Tamima anashikwa na uchungu mumewe hayupo, mkunga analetwa bila ruhusa. Maksuudi anaporudi, kinachomuuma ni kwamba mlango wake umefunguliwa. Hali ya mzazi haimshughulishi, na mzazi huyo anaambulia talaka. Kumbe alichokuwa akikilinda siku zote ni ufunguo. Kama angekuwa anathamini heshima kweli, usiku ule ulikuwa umempa nafasi nzuri kabisa ya kuionyesha. Mwandishi hakutuambia kwamba huyu ni mnafiki. Alimtafutia mkunga.

Kiswahili kina mtego wake katika jambo hili, nao ni majazi, yaani kumpa mhusika jina linalotangaza tabia yake. Shaaban Robert aliutumia bila woga. Katika Kusadikika, mwaka 1951, mshitakiwa ni Karama na mshitaki ni Majivuno, na msomaji hahitaji darubini kujua amshangilie nani. Waandishi wachanga wameona urahisi huo, wakachukua majina na kuacha kazi iliyofanyika chini yake. Karama hasimami kwa sababu ya jina. Anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na shauri linakwenda kwa siku sita. Mtu mwingine angezitumia siku hizo kujitetea. Yeye anazitumia kusimulia wajumbe sita waliotumwa na nchi, wakahangaika, wakarudi na mambo ya manufaa, wakalipwa dhuluma. Muda wa kuiokoa shingo yake mwenyewe anaugawa kwa watu waliokwisha kuhukumiwa. Hata angeitwa Juma tungemjua.

Ken Walibora naye, katika Kidagaa Kimemwozea ya mwaka 2012, ana Mwalimu Majisifu. Jina linaahidi mtu wa kujigamba, na mwandishi mvivu angemwacha ajigambe sura baada ya sura. Walibora anamfanya aibe muswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Hapo jina limepitwa na tendo. Mtu huyu anathamini kuitwa mwandishi kuliko kuandika, kiasi kwamba yuko tayari kuitwa kile ambacho kitabu chenyewe kinathibitisha kuwa siye. Ugonjwa huo haujaisha, na nisingependa kueleza ninaufahamu kwa njia gani.

Mpaka hapa thamani imekuwa kama jiwe, ipo tangu mwanzo ikingoja kufukuliwa. Ugumu unazidi pale inapohama mikononi mwa mhusika hadithi ikiendelea. Mfano wangu ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Historia inatupa jina, mahali na kamba. Yaliyokuwa moyoni ilibidi mtunzi ayabuni.

Kinjeketile huyu wa jukwaani anatoka mtoni Rufiji na maji, na maji yanafanya lililoshindikana miaka yote: watu wa makabila mbalimbali wanakaa pamoja. Kisha anaanza kuyashuku mwenyewe. Ujumbe aliopewa na pepo Hongo ulisema kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said, na anajiuliza ni ushindi gani huo wa kumkimbia Mjerumani na kuangukia kwa Sultani. Anawaambia wangoje, lakini neno limeshatoka, halimngojei yeye. Wanapigana na wanashindwa.

Mwishoni amefungwa na amepigwa, na mwenzake Kitunda anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Ni sentensi moja tu, tena yeye ndiye mtu mwenye sababu nyingi kuliko wote za kuisema. Anakataa. Ukimsoma kwa orodha utaandika "ni mbishi" au "ana msimamo". Lakini maji hayamo tena katika alichokithamini. Anakilinda kile watoto watakachosimuliwa: adui akipata kukiri kwake, atawaambia kwamba baba zao walikosea kupigana. Alianza kwa kuthamini dawa, akapita kwenye umoja, akaishia kwenye hadithi ambayo yeye hatakuwepo kuisikia. Hakuna kivumishi cha mtu wa namna hiyo. Kuna tamthilia nzima tu.

Na si lazima bei iwe kifo, ingawa miswada ninayoletewa huua watu kwa ukarimu mkubwa. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, anawakutanisha Yasmin, msichana wa Kihindi aliyetoroka ndoa ya mzee Raza, na Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar. Wote wawili ni watu wa kupendwa na wanachokithamini ni chema. Yasmin ametupa jamaa na jina jema ili ampende anayemtaka. Denge anampenda, lakini harakati zilimtangulia. Hakuna mwovu wa kulaumiwa katikati yao, kwa hiyo inauma zaidi. Vyema viwili vikigombania mlango mmoja, mwandishi hana haja ya kumleta jambazi.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea muswada wa mama ntilie. Nikamwambia simwoni huyo mama.

"Mwalimu, si nimeeleza kwamba ni mvumilivu?"

"Umeeleza mara tisa. Sasa niambie, hawezi kuweka nini bondi?"

Aliondoka amenuna, kama inavyostahili. Aliporudi, mama alikuwa na daftari la madeni. Anayelipa, jina lake linakatwa kwa kalamu nyekundu. Kuna fundi baiskeli aliyefariki akidaiwa sahani kadhaa za wali maharage. Arobaini ilipopita, mjane akaja na hela kamili pindoni mwa kanga, maana deni la marehemu ni mzigo na yeye alitaka mumewe alale mwepesi. Mama ntilie hakuzipokea. Hakusamehe pia. Alisema hesabu haijakaa sawa, aje siku nyingine. Mjane akaja siku nyingine. Na nyingine.

Nilimwuliza kijana kwa nini mama hazipokei.

"Sijui vizuri, Mwalimu," alisema. "Lakini najua hatazipokea."

Nilirudi ukurasa wa kwanza nikausoma muswada upya. Neno "mvumilivu" halikuwamo tena popote, na nilipousoma mara ya kwanza sikuwa nimegundua kwamba limeondoka.